Jibu: Peugeot 504 ya babu, mimi na mwanangu tuanzie wapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe na kijana wako mnunue kwanza rimu na redio za hiyo 504 mliyoachiwa hapo Malindi. Hapana, anzeni chini ya gari. Hewa ya bahari hula chuma pasipoonekana: kona za sakafu, chini ya milango, mabomba ya breki. Mpe kijana bisibisi agongegonge bati kwa mpini. Bati zima hulia, lililooza hutoa sauti butu. Gari letu nililikagua hivyo na binti yangu, na sikio lake ni kali kuliko langu. Osheni kwa maji ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi, mkwangue kutu, mpake rangi ya kuizuia.

Mafuta ya breki mwageni yote, mtie mapya. Hufyonza unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka 2. Na jeki isikae kwenye mchanga mtupu! Wekeni ubao mnene, kisha stendi ya kushikilia gari, ndipo mtoto aingie chini. Hilo nakusihi.

Baadaye toeni pointi za distribyuta (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi zitoe cheche), mfunge kifaa cha elektroniki cha kufanya kazi hiyo. Chomoeni kwanza waya hasi wa betri, halafu mwache kijana aunganishe mwenyewe.