Jina Bushiri

Dada yangu, umeuliza kama Bushiri ni jina la mkosi kwa vile mwenye nalo alinyongwa. Hata kidogo! Ni jina la Kiarabu, ndugu yake Bashiri, shina moja na bishara: mleta habari njema. Mtume mwenyewe ameitwa bashiri ndani ya Kurani, sasa mkosi utoke wapi?

Huku Tanga tunalijua zaidi kwa Bushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, aliyeongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888. Walimnyonga hapohapo Pangani, Desemba 1889. Mababa waliowapa wana wao jina hilo baada yake hawakuona aibu, na mimi nawaunga mkono.

Siku hizi utalisikia zaidi kama jina la baba au babu, fulani Bushiri, kuliko la mtoto wa chekechea. Malawi na Kongo lipo pia, kama jina la ukoo. Ila mkimpa mtoto jina hili, kagueni kadi yake ya kliniki kabla hamjaondoka dirishani, maana anayeandika akisikia Bushiri kalamu yake huenda moja kwa moja kwenye Bashiri, na kusahihisha cheti baadaye ni nenda rudi.