Kazi au klipu? Barua kwa mwanangu

Mwanangu, mama yangu,

Salamu za hapa Ngamiani, sie wazima, mama ako mguu umepungua kuvimba. Voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nilikuwa barazani na wazee wenzangu wakanyamaza na kahawa zao wote wasikilize, unisamehe kwa hilo. Unasema mwenye shule kakuita ofisini, kakwambia klipu zako za siasa zinamletea maneno, sasa unaniuliza uache ualimu uwe mwanaharakati kabisa au ufunge mdomo ubaki na chaki.

Nitaanza na Nyerere, najua umeshacheka, baba na Nyerere wake. Lakini nyie mnamjua wa kwenye redio tu, wa mwanzo hamumjui. Mwaka 1943 ana miaka 21, yuko Makerere, kijana tu, akaandika barua ikatoka kwenye gazeti la Tanganyika Standard, hakuna aliyempa jukwaa wala kipaza sauti. Huko huko Makerere alikuwa na Hamza Mwapachu, wa Tanga yetu hii, wakawa na chama chao cha Watanganyika. Baadae kafundisha Tabora, kaenda Edinburgh 1949, karudi 1952, kaajiriwa shule ya Pugu, 1953 kachaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichoitangulia TANU, 1954 TANU ikaanzishwa, na mpaka hapo mwalimu bado anafundisha! Machi 1955 kaenda kusema New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, aliporudi ndo wakamwambia achague, shule au siasa. Akaacha shule, akarudi kwao Butiama hana mshahara. Ona alipoacha, mama. Hakuacha siku aliyopigiwa makofi, aliacha siku aliyoambiwa chagua.

Wewe hujaambiwa chagua. Umeambiwa unaleta maneno. Hayo ni mambo mawili.

Sasa klipu zenyewe. Ile ya kwanza, uliyokaa na wale mama wauza nyanya sokoni Mgandini wakakutolea risiti za ushuru kwenye vifuko vya rambo, ukazipanga kwenye turubai ukazihesabu moja moja kwa sauti, ile mwanangu niliirudia mpaka bando likaisha. Yule mama wa mwisho aliyekuwa na risiti moja tu na kalipa siku zote, wallahi nilimwona usoni. Lakini hizi za juzi juzi, umekaa chumbani na taa ya duara, Dodoma wamefanya hivi, wakubwa wamekula hela ya mtaro wa Makorora, nani kakwambia wamekula? Mtaro ni mbovu, hilo hata mimi nalijua, mvua ikinyesha navua viatu. Ila "wamekula" ni neno lingine, linataka karatasi.

Nakwambia mana yalinikuta. Oktoba 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, wewe hujazaliwa, mimi karani nina mdomo, nikapanda jukwaani pale Tangamano nikamtaja mtu mmoja wa ofisi moja kwamba kala michango ya kisima. Watu wakashangilia nikajiona simba. Kesho yake alfajiri, natoka kuswali, namkuta kakaa kwenye ngazi yetu, daftari kalifunga kwenye mfuko wa nailoni mana kulikuwa na manyunyu. Hakupiga kelele. Kafungua ukurasa mmoja mmoja, kila senti na sahihi yake, ananionyesha kwa kidole, kidole kinatetemeka. Nikamuomba radhi pale ngazini, lakini jukwaani sikurudi kusema, niliona haya. Mpaka kafariki tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu.

Na huyo huyo Nyerere, 1958, aliandika kwenye Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili, wale wakuu wa wilaya wa mkoloni, mkoloni akamburuza mahakamani, shilingi 3,000 au jela miezi sita, akalipa. Wewe leo una Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 ni cha taarifa za uongo, kisome mwenyewe usisomewe. Sikutishi, akina sie tulikulea useme.

Kwa hiyo jibu langu, usiache kazi mwezi huu. Fundisha, ukitoka nenda Makorora na rula upime huo mtaro, uliza mkandarasi nani, aliahidi mita ngapi, zimejengwa ngapi, halafu ndo uwashe simu. Mwenye shule akikuita tena muombe akuandikie kwa barua anachotaka. Akikuandikia chagua, chagua unachotaka, chumba chako cha uani kipo, mama ako kahifadhi vitenge humo ila vitatoka.

Ukija Idi niletee zile risiti za Mgandini, nataka kuzihesabu mwenyewe, nadhani kuna sehemu uliruka moja.

Baba ako