Mahubiri ya ufafanuzi kwa wachungaji wa Thailand: anza na maneno, muhtasari utafuata

Bwana asifiwe, mtumishi. Umesema una siku 5 za kuwafundisha wachungaji 20 huko Thailand mahubiri ya ufafanuzi, yaani kuhubiri kwa kufafanua kifungu cha Biblia, na unauliza uanze na hatua ipi. Hatua ni zilezile unazozijua: kifungu, muktadha, wazo kuu, mgawanyo, matumizi. Hizo wanazishika haraka. Kazi iko kwenye maneno, kwa kuwa maneno mengi ya Biblia ya Kithai yana mwenyewe tayari, dini ya Buddha. Bap, dhambi, kwa Mbuddha ni tendo baya litakalomrudia mtendaji. Mwenzake ni bun, thawabu anayochuma mtu kwa kumpa mtawa chakula asubuhi. (Sisi nasi dhambi, sala na neema tumezipata kwa Waarabu, kwa hiyo usiwashangae.) Ukihubiri kuzaliwa upya na uzima usio na mwisho, jirani wa kanisa aliye Mbuddha anaweza kusikia kitu kilekile anachotaka kukikimbia: kuzaliwa tena na tena.

Siku ya kwanza wape Waefeso 2:1-10. Kila mmoja achore safu mbili: kitenzi, na mtendaji wake. Mstari wa 4 hadi 6 wataandika alitupenda, alituhuisha, akatufufua, akatuketisha, na mtendaji wa vyote vinne ni Mungu. Sasa wafanye hivyo hivyo kwa muhtasari wa hubiri waliloandaa wenyewe. Mara nyingi utakuta tusali, tutoe, tuvumilie, na mtendaji ni sisi mwanzo mwisho. Si uvivu. Mahubiri ya mtawa waliyokua nayo hufundisha mwenendo, kuanzia zile sila 5 (usiue, usiibe na kuendelea), basi sikio linageuza kila kifungu kuwa agizo. Zoezi hili lirudie kila siku, hata wakikuchoka.

Mstari wa 8 nao una mtego wake. Neema ni phra khun, na khun ndiyo ile fadhila ya wazazi na walimu ambayo mtoto mwenye adabu lazima ailipe. Msikilizaji anaondoka akijua anadaiwa na Mungu. Kwa hiyo usikubali hubiri linaloishia mstari wa 9. Mstari wa 10 uhubiriwe pamoja nao, na matendo mema yaonekane ni zao la neema, si marejesho ya mkopo.

Yohana 9:1-7 ni rahisi kwao, kwa sababu swali la wanafunzi, nani alitenda dhambi, ndilo swali la kam (karma, matendo ya mtu kumrudia) lenyewe. Wagalatia 6:7 ndiyo hatari. Kuna methali yao, tham di dai di, tham chua dai chua: tenda wema upate wema, tenda ubaya upate ubaya. Mchungaji akisoma "apandacho mtu" anaona ni kitu kilekile, anafunga Biblia. Mlazimishe asome mstari wa 6 hadi 10, kisha ajibu swali moja: amepanda katika shamba lipi, la mwili au la Roho?

Zoezi la "tafuta sentensi kuu" litakukwamia. Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno, na kwa kawaida hakiweki nukta mwisho wa sentensi. Wazungushie viunganishi kwa kalamu: phro (kwa sababu), tae (lakini), dang nan (kwa hiyo). Hapo mgawanyo unajitokeza.

Usiulize "mmeelewa?" Watasema ndiyo wote; kreng jai, ile haya ya kumsumbua mkubwa, haimruhusu mtu kusema hapana. Wape karatasi wawili wawili waandike wazo kuu kwa sentensi moja, ukusanye bila majina. Kukosoa hubiri la mzee mbele ya vijana ni kumvunjia heshima, na atakuja kesho kwa adabu tu. Anza kwa kuleta muhtasari wako mbovu, waukosoe huo kwanza.

Dakika 45 zenye mkalimani ni kama 20 za kwako; punguza somo nusu kabla hujapanda ndege. Jioni kaa na mkalimani, umpe wazo kuu la kesho aliseme kwa Kithai, halafu mtu mwingine akurudishie maana yake. Bun ikijipenyeza mahali pa neema, utaidaka hapo.