Nimesajili "Uzi Imara", mbona mwingine anauza kwa jina hilo hilo?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni fundi cherehani hapa Mabatini Mwanza, mwaka wa kumi na moja sasa, nanunua uzi wa koni ambao hauna nembo nabandika stika yangu nawauzia mafundi wenzangu na wanaupenda kwa kweli. Mwaka jana nikasajili jina la biashara, Uzi Imara, kwa BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara. Juzi nakuta mtu anauza koni zimeandikwa Uzi Imara vile vile, kabadili rangi ya stika tu, namwambia nina cheti ananicheka. Alafu kuna jamaa kanishauri niachane na maneno niweke picha ya nanga kama ile ya uzi wa kudarizi wa Anchor, eti wateja wameshaizoea. Nifanyeje dada yangu?
Fundi, Mwanza

JIBU: Pole sana fundi wangu, imeniuma maana hili naliona kila mara. Cheti ulichonacho ni cha jina la biashara, kazi yake ni kuonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Kinachomzuia mtu kubandika jina lako kwenye koni zake ni alama ya biashara, na hiyo ina sheria yake nyingine, ya mwaka 1986, unaomba BRELA hapo hapo kwa mtandao ila ni ombi jingine na cheti kingine. Sio kwamba sasa ivi huna haki hata kidogo, ukithibitisha wateja wanaujua uzi wako kwa jina hilo mahakama inaweza kukusikiliza, lakini hapo utahitaji mashahidi, risiti, mawakili, na cherehani umeiacha nani aendeshe?

Sasa neno Imara lenyewe. Ntakwambia ukweli, hilo msajili ana uwezekano mkubwa wa kulikataa kwa sababu linausifia uzi, na kila muuza uzi ana haki ya kusema uzi wake ni imara. Angalia wakubwa walivyofanya, nanga na uzi wa kudarizi vinahusiana nini? Havihusiani, na ndo nguvu yake. DMC wa Ufaransa ni herufi tu za Dollfus-Mieg et Compagnie, kampuni ilioanza Mulhouse mwaka 1746, na leo mdarizi akisema DMC 310 wenzake wanajua ni nyeusi, hana haja ya kubeba kipande cha uzi dukani kulinganisha. Uzi huwezi kuujua kwa macho, unakuja kukatika ukiwa kwenye suruali ya mteja, kwa hiyo fundi ananunua jina alilokwisha kuliamini.

Ndo maana hiyo nanga usiiguse kabisa, nakuomba. Ina wenyewe, na wewe unalalamika mtu kuchukua chako alafu uende kuchukua cha mwingine? Tafuta neno lisilohusiana na uzi, jina la mlima, ndege, hata neno ulilolitunga mwenyewe, ila kwanza omba BRELA wakutafutie kama kuna linalofanana nalo, hata kwa matamshi tu.

Ukijaza ombi chagua daraja, yaani kundi la bidhaa, la 23, ndo la nyuzi za kushonea, kudarizi na kufumia. Vitambaa ni 24, nguo 25, vifungo na zipu na sindano 26, na kila daraja lina ombi lake na ada yake, sasa kama unauza uzi tu usipoteze hela kwingine. Wakikubali wanaitangaza kwenye jarida lao, watu wana siku 60 za kupinga, wasipopinga unapata cheti cha miaka 7, baadae unahuisha kila miaka 10. Na kama una wateja Zanzibar jua kwamba cheti cha bara hakifiki kule, wana usajili wao, BPRA.

Mwisho stika yako, usiishie kwenye jina. Andika namba ya uzi, kama ni 40/2 sema 40/2, na mita za kweli zilizomo kwenye koni. Ile R ya kwenye duara, inayosema alama imesajiliwa, usiiweke mpaka cheti kiwe mkononi.