Moyo unakwenda mbio saa tisa usiku

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi kandokando ya ziwa, wilaya ya Uvinza. Mtihani wa darasa la saba ukikaribia, naamka saa tisa usiku moyo unakwenda mbio, viganja vimelowa jasho. Hata simu ikilia tu, tumbo linavurugika. Presha nimepima, iko sawa. Ni moyo, au ni mawazo tu?

JIBU: Pole na majukumu, Mwalimu. Hilo neno "tu" liondoe kwanza. Wasiwasi humwaga adrenalini kwenye damu, na adrenalini ndiyo inayokimbiza moyo na kutoa jasho. Kuhusu saa tisa: homoni ya kortisoli huanza kupanda yenyewe kuelekea alfajiri. Aliyetulia haisikii. Wewe uliyelala na takwimu za afisa elimu kata kichwani, inakuamsha.

Ukiamka hivyo, usishike simu. Keti, vuta hewa puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 8, kwa dakika 5. Kutoa pumzi ndefu ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo.

Kazi kubwa, lakini, ni ya jioni. Kabla hujatoka ofisini chukua daftari, andika kila linalokukera. "Watoto watano wako mwaloni wanaanika dagaa": hilo lina la kufanya, andika kando yake "kesho asubuhi, mwenyekiti wa kitongoji". "Shule itashika nafasi ya ngapi": hilo halina la kufanya leo. Lipigie mstari, funga daftari, liache mezani. (Wakuu wengi hulibeba nyumbani. Liache.)

Simu nayo: mwili umeshajifunza kwamba mlio huo ni shida. Badilisha mlio, zima sauti ya makundi ya WhatsApp kuanzia saa mbili usiku, na mwambie afisa wako ana kwa ana kwamba la dharura apige. Kahawa ya kijiweni iishie mchana. Ya saa kumi jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini saa tatu usiku.

Hata hivyo, presha peke yake haitoshi kuuondolea moyo lawama. Nenda Hospitali ya Maweni wapime umeme wa moyo, wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo. Kifua kikibana au ukizimia, usisubiri miadi. Na valiamu usijinunulie duka la dawa: usingizi utaupata, ila kuiacha baadaye ni kazi nyingine.