Kabla hujatuma hela Ghana, isome nchi yao kwanza

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja yuko Mbeya, kaniandikia wasapu ndefu kweli, anasema ananifuatilia muda mrefu, ana mtaji wake kaupata kwenye kikoba, anataka aanze kuleta shea bata, yaani mafuta ya kokwa za mti wa shea, na sabuni nyeusi kutoka Ghana kama mimi. Mwisho kabisa akaandika, "Dada naomba tu namba ya sapulaya wako." Sijampa. Najua wapo watakaosema nina roho mbaya lakini meseji za hivi napata nyingi na leo nimeona bora niwajibu wote kwa pamoja, kwasababu namba ya mtu haitakusaidia kitu kama hujui nchi anayoishi huyo mtu inakwendaje. Wengi mnaangalia picha za mzigo kwenye status yangu mnaona hela, hamuoni kwamba mimi asubuhi kabla sijafungua duka naangalia kwanza sedi imeamkaje.

Sedi ndo hela yao. Na hapo ndipo biashara yote ilipo, narudia, yote.

Mimi ni mtoto wa Kyela, baba yangu analima kakao mpaka leo, kwahiyo jina la Ghana nimelisikia tangu mdogo. Mzee alikuwa anatuambia wenzetu wa Ghana na Ivory Coast ndo wanalisha dunia nzima chokoleti, na ni kweli, hizo nchi mbili peke yake zinatoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia. Nilipoanza kuuza mafuta ya nywele hapa Dar nilikuwa nachukua shea bata kwa watu wa Kariakoo ambao nao wanaletewa kutoka Accra, faida ilikuwa ndogo sana, ndipo nikaamua kuagiza mwenyewe. Shangazi yangu mmoja alisema mbele za watu kwenye kikao cha familia kwamba naenda kuwapa Wanaijeria hela ya bure, wakati hata nchi yenyewe kaikosea, watu wakacheka. Yale maneno bado yananiuma. Leo hii mabinti zake wanachukua mzigo dukani kwangu kwa mali kauli na mimi nawapa, ni ndugu zangu, ila nakumbuka.

Sasa sikieni 2022.

Mwaka ule unaanza dola moja ilikuwa kama sedi 6. Katikati ya mwaka nikakubaliana bei na mama mmoja muuzaji wa Accra, bei tukaiandika kwa sedi kwa kila kilo, nikatuma advansi kwa dola kupitia benki, akaibadili yote kuwa sedi siku hiyo hiyo ili akanunulie mafuta ya shea Tamale. Tamale iko kaskazini, ndiko shea inakotoka, na mpaka mzigo ufike Accra ni safari ya kama kilomita 600 kwa lori linalokunywa dizeli. Basi sedi ikaanza kushuka, ikashuka, mpaka Oktoba inakaribia kuisha dola inaelekea sedi 14 na 15. Dizeli ikapanda, kokwa za shea zikapanda, ndoo za kufungashia zikapanda, yule mama akanitumia meseji kwamba ile hela haitoshi tena niongeze. Nikamwambia mama bei si tumeiandika? Akasema iliandikwa nchi ikiwa nzima. Nikagoma. Akakaa kimya, meseji zangu anazisoma hajibu, simu hapokei. Nilikuja kupata sehemu ya mzigo kwasababu kuna Mtanzania mwenzetu anaishi kule alinifuatilia mpaka dukani kwake, ile nyingine iliyobaki mpaka leo sijaiona. Wateja walikuwa wameshanilipa oda, nikawarudishia wote mfukoni mwangu, hakuna hata mmoja anayenidai.

Nililia lakini sikuacha biashara. Nilichofanya nilianza kusoma. Nilitaka kujua hela ya nchi inayouza dhahabu, kakao na mafuta inafaje namna ile ndani ya miezi kumi.

Na nilichokiona ni hivi. Ghana inauza vitu vitatu vikubwa nje, dhahabu, mafuta ghafi waliyoanza kuyachimba 2010, na kakao. Vyote vitatu bei haipangwi Accra. Halafu inanunua nje karibu kila kitu, mchele, kuku wa kugandishwa kutoka Ulaya, Brazil na Marekani, magari, dawa, mpaka nyanya wanaletewa kwa malori kutoka Burkina Faso. Mafuta ghafi wanayo ila petroli wanaagiza, kwasababu kiwanda cha kusafisha cha Tema kimekaa miaka mingi kinasuasua. Kwahiyo kila siku nchi inatafuta dola, na juu ya hapo serikali ilikuwa imekopa sana nje. Ilipofika 2022 vita ya Ukraine imepandisha bei za mafuta na ngano, riba Marekani zimepanda, wakopeshaji wakafunga mlango, basi kila mwenye sedi mkononi akawa anaikimbia kununua dola. Oktoba wafanyabiashara wa Accra walifunga maduka kulalamika. Desemba mfumuko wa bei ulifika asilimia 54.1, na mwezi huo huo serikali ikatangaza inasimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni ya nje. IMF, shirika la fedha la kimataifa, wakaja kuidhinisha mkopo wa dola bilioni 3 Mei 2023. Kabla ya hapo wastaafu waliokuwa wameweka akiba zao kwenye hati fungani za serikali waliandamana kupinga akiba hizo kuingizwa kwenye mpango wa kupunguza madeni, wakakaa nje ya wizara ya fedha, akiwemo mama aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa nchi, Sophia Akuffo. Mtu mzima kama yule kukaa na bango juani kwa ajili ya wazee wenzake, mimi ile picha ilinigusa sana.

Nikaelewa kitu kuhusu yule mama wangu wa Accra. Sijamsamehe, tusidanganyane, ila nilielewa ilikotokea.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ndo huo huo, angalia sedi. Usiandikiane bei ya miezi mitatu mbele. Andika bei kwa dola, iwe na tarehe ya mwisho, mimi nawapa siku chache tu, lipa nusu kwanza, nusu nyingine ukishaona mzigo umepimwa na umefungwa. Profoma invoisi, ile ankara ya awali anayokutumia muuzaji, isome mpaka chini. Sapulaya akikwambia tukubaliane kwa sedi ndo utapata bei nzuri, muulize sedi ya lini.

Halafu kuna mambo ya kakao, hapa naomba mnivumilie kwasababu mimi nimekulia shambani na hili linanihusu. Mtaniuliza kakao na shea vinahusianaje. Sana. Kwanza kokwa nyingi za shea zinazotoka Afrika Magharibi haziendi kwenye vipodozi kama tunavyodhani, zinaenda Ulaya viwandani, mafuta yake yanachanganywa kwenye chokoleti badala ya sehemu ya mafuta ya kakao, sheria ya Ulaya inaruhusu mpaka asilimia 5. Kwahiyo unapogombania mafuta na mama wa Tamale, pembeni yako kuna kiwanda kikubwa cha Ulaya kinagombania kokwa hizo hizo, na chenyewe kinanunua kwa meli. Pili, kakao nayo inaleta dola nchini, mavuno yakiwa mabaya sedi inaumwa.

Na yamekuwa mabaya kweli. Msimu wa 2020/21 Ghana ilivuna zaidi ya tani milioni moja, msimu wa 2023/24 hazikufika hata laki sita. Ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi umeua mashamba, wachimba dhahabu wasio na vibali, wenyewe wanaita galamsey, wamegeuza mashamba kuwa mashimo na mito imekuwa tope, na kakao nyingine inavushwa usiku kwenda Ivory Coast na Togo. Dunia ikakosa kakao, bei New York ikapita dola 10,000 kwa tani Machi 2024, Desemba ikapita 12,000. Sasa mkulima wa Ghana alipata nini? Kule bei ya mkulima inapangwa na serikali kupitia Cocobod, bodi iliyopo tangu 1947 enzi za Mwingereza, na Cocobod huwa wanauza mapema kabla ya mavuno kwa bei ya wakati huo. Aprili 2024 walipandisha bei ya mkulima mpaka sedi 33,120 kwa tani, ukipiga hesabu ya siku zile ni kama dola 2,500 hivi. Soko liko juu ya 10,000 mkulima anapewa 2,500, halafu tunashangaa anavusha mpaka?

Huku kwetu Kyela mwaka ule ule kakao ilikuwa inauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, bei ya dunia ikipanda na wazee wetu wanaiona. Baba alinipigia simu usiku kunitajia bei ya mnada nikadhani kakosea kusoma. Ile stakabadhi ina matatizo yake, malipo kuchelewa tunayajua, na bei ikianguka hakuna wa kukukinga. Lakini mwaka 2024 mkulima wa Kyela alikula kilichokuwa chake. Nilisema hivi kwenye grupu letu la waagizaji kuna kaka akanibishia kwamba siasa za wakulima hazihusiani na biashara ya vipodozi. Kaka, mkulima wa kakao akikosa hela anaacha palizi anauza shamba kwa mchimba dhahabu, dola zinapungua nchini, sedi inashuka, sapulaya wako anabadili bei. Inakufikia wewe Sinza.

Sasa mambo yakaja kugeuka. Mwaka 2025 bei ya dhahabu ikapaa duniani, serikali mpya ya Rais Mahama ikaanzisha GoldBod, bodi ya dhahabu ya serikali, wanunue wenyewe dhahabu ya wachimbaji wadogo ili dola zipite benki kuu badala ya kutoroshwa, dola nayo ikawa imelegea dunia nzima. Aprili dola ilikuwa kama sedi 15 na nusu, Mei inaisha iko 10 na kidogo. Wiki chache tu! Watu wote wa lile grupu waliokuwa wamekubaliana bei kwa sedi walijikuta mzigo ule ule unadai dola walizopanga na juu yake karibu nusu nyingine ya hizo. Mimi nilikuwa na bei ya dola iliyoandikwa na nusu nimeshalipa, mzigo wangu ukatoka kama ulivyo. Nasema hivi kwa kujivunia na sioni aibu, kwasababu nilikuwa nasoma habari za dhahabu usiku wakati wenzangu wanasema mama huyu anajifanya mchumi. Yule kaka aliyenibishia aliniandikia inboksi kuniuliza nilijuaje.

Sikujua kama itapanda. Nilijua tu kwamba ile hela haikai mahali pamoja, nikajipanga kwa pande zote mbili. Jamani ndugu zangu tunapenda sana kuomba konekshen na hatupendi kusoma, tunataka mtu atufungulie njia halafu tukianguka tunamlaumu yeye. Soma. Dakika kumi kwa siku, sedi iko ngapi, dhahabu iko ngapi, benki kuu ya Ghana imesema nini kuhusu riba. Na shilingi yetu pia, si mnakumbuka 2023 dola zilivyoadimika hapa, unaenda benki na hela yako mkononi unaambiwa njoo wiki ijayo.

Msimu nao una maana yake. Mti wa shea haulimwi kama kakao, unaota wenyewe porini na mashambani, wanawake wanaokota matunda kuanzia kama Aprili mpaka Agosti, wanachemsha kokwa, wanaanika, wanabangua, wanakaanga, wanasaga, halafu wanaukanda ule uji kwa mikono na maji mpaka mafuta yaelee. Kazi ya mikono tupu. Ukiagiza kokwa zikiwa nyingi bei inaongeleka, ukiagiza mwanzoni mwa mwaka akiba imeisha utalia. Halafu Agosti 2025 Nigeria walipiga marufuku kuuza kokwa ghafi nje kwa miezi sita, Burkina Faso nao walishafunga za kwao, kwahiyo wanunuzi wakubwa wakageukia nchi zilizobaki na Ghana ni mojawapo. Ukiona bei imeruka usidhani mama wa Tamale kakuona mjinga.

Kuhusu ushuru, Ghana ndo makao makuu ya AfCFTA, eneo huru la biashara la Afrika, ofisi iko Accra, na Tanzania ilikuwa kwenye zile nchi nane za kwanza zilizoanza biashara ya majaribio Oktoba 2022. Lakini huo unafuu hauji wenyewe, lazima mzigo uwe na cheti cha uasili cha AfCFTA, kinachoonyesha bidhaa imetoka Ghana kweli, kilichotolewa huko huko Ghana, na bidhaa yako iwe kwenye orodha iliyopunguziwa. Wakala wa kwanza niliyemtumia hapa aliniambia hicho cheti ni karatasi tu hakina kazi, nikalipa kama mzigo umetoka China. Simtaji. Nilimwacha. Wakala wa sasa namtumia nakala ya cheti kwanza, anaangalia kama msimbo wa forodha ulioandikwa pale unafanana na wa kwenye invoisi, ndipo namwambia sapulaya apeleke mzigo uwanja wa ndege. Kumbuka vipodozi siku hizi viko TBS, shirika letu la viwango, vilihamia pale 2019, kwahiyo usajili uanze nao mzigo ukiwa bado Ghana, na omba karatasi ya vipimo vya maabara kwa kila bachi. Mimi oda kubwa ya mwaka naiweka Julai, nyingine ndogo ndogo naleta kwa ndege kupitia Addis, na ile nusu ya mwisho hailipwi mpaka nipate picha ya mzani na hiyo karatasi ya maabara.