Ulirekodiwa Fiji
Ndugu uliyeuliza kama msimu wa kwanza wa Love Island ya Marekani (kipindi cha televisheni ambamo vijana wasio na wapenzi huunda jozi na kushindania fedha) ulirekodiwa Mallorca, kisiwa cha Hispania, kama ule wa Uingereza, jibu ni hapana: ulirekodiwa Fiji, ukarushwa na kituo cha televisheni cha CBS kuanzia tarehe 9 Julai hadi 7 Agosti 2019, usiku tano kwa wiki, kasi ambayo mimi binafsi ilinichosha. Mtangazaji alikuwa Arielle Vandenberg. Fainali ndiyo iliyonoga: baada ya Elizabeth Weber na Zac Mirabelli kutangazwa washindi, kila mmoja alishika bahasha yake, moja ikiwa na dola 100,000 na nyingine bila kitu, na aliyepata yenye fedha alikuwa na hiari ya kuondoka nazo peke yake, hata hivyo waligawana.